Nusu ya Kamba

Halifax, Kanada
4 Agosti 1975

Mwanangu Heledd,

Barua yako ya Juni ilifika na doa la chai, kwa hiyo najua uliiandika jikoni na kwamba hujambo. Mimi nami sijambo. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, ila tangu nistaafu uuguzi sina ngazi nyingi za kupanda. Paka wangu, yule niliyekuapia kuwa ni dume, amezaa watatu. Nimemwomba radhi.

Sasa neno lenyewe. Nimepata kadi ya harusi ya Non, binti wa mwisho wa Mared. Kaiandika kwa mkono wake: Mama Mkubwa, tafadhali njoo. Sitakwenda. Mimi na mdogo wangu Mared hatujasemezana tangu tumzike Mama, na hiyo ni miaka ishirini na tisa. Marehemu baba yako alikuwa na adabu ya kutoniuliza kwa nini. Nakuomba nawe uirithi.

Lakini nasikia wewe ndiye unayeshona gauni, na utakaa kwao majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Basi uwe mgeni wa harusi kwa niaba yangu. Nimetuma kitambaa cha meza, nimekidarizi mwenyewe, na kama kona moja imepinda ni kwa sababu ya yule paka.

Ukipata nafasi kati ya pindo na vifungo, itembelee ile pwani badala yangu. Wewe umekulia Bala, umezoea ziwa ambalo halina haja ya kwenda popote. Nenda kwenye kisima juu ya jabali uone kama bado kinatoa maji. Shuka mpaka tanuri la chokaa. Uitazame nyumba ya Mama, kwa nje tu. Halafu lango la kanisa: kwenye nguzo ya kulia palikuwa na pete ya chuma. Niambie kama ipo.

Na Mared asijue kwamba nimeuliza.

Shangazi yako,
Luned


Porth Helyg
12 Septemba 1975

Shangazi Luned,

Nakuandikia nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo salamu zangu ni fupi ila ni za dhati. Mama hajambo, anakusalimu, na anasema usimwamini paka yeyote. Nimefika Jumatatu. Dereva wa basi la kutoka Pwllheli aliniuliza mimi ni wa nani, nikasema wa Emrys wa Pen-y-graig. Basi akanitajia ukoo wangu mpaka babu wa babu, abiria wakisubiri, kisha akasema nimerithi paji la uso la Babu na kwamba pole yangu.

Non anakonda kwa furaha, na mimi kila asubuhi napunguza kiuno cha gauni. Mchumba wake ni Idwal, fundi umeme, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Wakishaoana wanahamia Cardiff. Shangazi Mared amewapa baraka zake zote. Nyumba itabaki na yeye peke yake, maana mjomba Gwilym alifariki baada ya wao kurudi huku kutoka Liverpool.

Nimeitembelea pwani yako. Kisima kinatoa maji, tena kuna mtu ameweka kikombe cha bati na mnyororo, nikanywa. Nilipokuwa nikishuka ukungu ulinikuta kwenye njia ya kondoo, nikakaa juu ya jiwe nikingoja unipite, nikawasikia sili, wale wanyama wa baharini, wakiguna chini majini bila kuwaona. Ulipoondoka wakawa watatu, wamelala mwambani, wananitazama mimi mgeni. Tanuri la chokaa lipo. Limeota nyasi mdomoni, na kati yake na ukuta wa shamba njia ni nyembamba, watu wawili wanapishana kwa kuombana radhi.

Nyumba ya Mama yako ni ya watu wa Birmingham siku hizi. Wanakuja majuma mawili kila Agosti. Madirisha wameyapaka rangi ya manjano. Kibao cha jina wamekiondoa wakaweka cha Kiingereza kinachosema kwamba bahari inaonekana, kama vile kuna mtu aliuliza. Ulisema nitazame kwa nje tu, lakini nilichungulia. Chumba cha kaskazini, kile kilichokuwa cha Bibi, wameweka makasia.

Pete ya chuma ipo pale langoni. Imeshika kutu, lakini ipo.

Hapo sasa nina swali, na adabu ya baba yangu sikuirithi yote. Shangazi Mared ameniomba niwe mshika kamba. Nilijua huku kwenu maharusi wakitoka kanisani hufungiwa njia kwa kamba, na mshikaji, mwanamke wa ukoo asiye na mume, anauliza swali moja, na bibi harusi hawezi kupita mpaka atoe jibu la kweli. Sawa. Deiniol, mvuvi wa kaa, keshanitania mara nne kwamba nishike vizuri maana huenda harusi inaambukiza. Lakini kamba yenyewe nimeitoa sandukuni nikaipima, mazoea ya kazi. Ni futi saba na nusu. Lango la kanisa ni futi kumi na tatu. Ndiyo maana siku hizi wanaifunga kule kwenye tanuri, ndipo inapotosha kuziba njia. Na ncha yake moja imekatwa kwa kisu, haikuchakaa. Nimewauliza wazee watatu kwa nini, na wote watatu wakakumbuka ghafla kwamba kondoo wao wametoka.

Shangazi Mared ni mwema kwangu. Jioni tunakunywa chai na mkate wa zabibu. Yeye humimina, kidole amekitia ndani ya ukingo wa kikombe, kisha anacheka kwamba ni uzee. Sindano zote namtungia mimi. Anasema taa za siku hizi ni mbovu. Hajakutaja hata mara moja, ila kila nikirudi matembezini ananiuliza nimepita wapi, na nikimwambia anasema, "Haya, na kutoka hapo?" mpaka njia iishe.

Mwanao,
Heledd


Halifax
22 Septemba 1975

Heledd,

Sina muda wa kukuuliza habari za mama yako, mpe tu mkono wangu. Naiandika hii haraka nikijua kwamba huenda ikachelewa harusi.

Kwanza. Ukipewa kamba, usiulize kitu. Uliza hali ya hewa. Uliza bei ya kaa. Kisha uiachie, uiachie mara moja.

Pili. Mimi nimekuwa muuguzi miaka ishirini na minane, na watu wanaomimina chai kwa kidole nimewaona wengi. Mared haoni tangu lini? Usiniambie habari za taa.

L.


Porth Helyg
6 Oktoba 1975

Shangazi mpendwa,

Habari za huku ni njema kwa sehemu kubwa. Mama ana mafua. Non ameolewa, amefika Cardiff salama, na tayari ameandika kwamba majirani hawasalimiani. Kitambaa chako kilitandikwa meza kuu na watu walikigusagusa mpaka nikaogopa. Kona iliyopinda niliielekeza kwa mchungaji, maana yeye alikuwa anatazama nyama.

Barua yako ilifika siku nne baada ya harusi. Nimeisoma mara nyingi. Sikuuliza bei ya kaa, lakini nilikuwa karibu.

Siku yenyewe palikuwa na upepo mkavu na jua. Walitoka kanisani, sote tukateremka nyuma yao mpaka kwenye tanuri, na mimi nikatangulia nikafunga kamba kwenye kigingi, nikaishika. Nikamuuliza Non nani ataamka kuwasha jiko asubuhi za Januari. Akamtazama Idwal kwa huruma, akasema, "Huyu hapa." Watu wakacheka, nikaiachia, wakapita.

Shangazi Mared alikuwa nyuma yao, mkono wake kwenye bega la Deiniol. Alipofika, kamba ikiwa chini, akasimama. Aliigusa kwa kiatu kwanza, kuijua ilipo. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iokote, Heledd. Mimi sijapita bado."

Nikaiokota. Ningefanya nini? Basi akasimulia mbele ya watu wote, na wazee waliokimbilia kondoo walikuwepo, safari hii hawakuwa na pa kwenda. Alisema mwaka wa 1937, alipotoka kanisani na Gwilym, kamba ilikuwa langoni na mshikaji alikuwa dada yake. Mama yenu alikuwa amepooza upande mmoja tangu majira ya baridi. Gwilym alikuwa amepata kazi ya kuuza maziwa Liverpool na kesho yake wangeondoka. Na wewe hukuuliza utani. Uliuliza, nani atabaki na Mama. Na yeye hakujibu. Alisema mlisimama mpaka mchungaji akatoa saa mfukoni. Halafu Gwilym akakata kamba kwa kisu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, wakapita.

Kisha akasema, na haya nimeyaandika usiku uleule nisiyasahau: "Jibu nilikuwa nalo. Jibu lilikuwa mimi na yeye, kwa zamu. Nililijua palepale nimesimama, na nikakaa kimya kwa sababu nilitaka kuondoka. Sasa nimejibu. Niachie njia."

Nikaiachia kamba, naye akapita. Mke wa mchungaji alimshika mkono mpaka ukumbini.

Sasa la macho. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Aliogopa Non angeahirisha harusi, au asingehama. Jicho la kushoto limekwisha tangu mwaka jana. La kulia linafifia kutoka pembeni kuja katikati, na daktari anasema huenda likamfikisha kiangazi. Non bado hajui. Ninajua mimi, na sasa wewe.

Nilimuuliza baadaye kile kisu kilikuwa cha nani, maana picha zote za mjomba Gwilym ni mtu wa suti iliyobana asiyeweza kuficha hata leso. Akasema kilikuwa cha Gwilym. Alijibu upesi mno, kisha akafuta meza iliyokuwa safi.

Amenituma neno moja tu kwako. Angependa kuuona uso wako wakati bado anaweza. Hasemi uje. Anasema angependa.

Mimi nabaki hapa kwa muda. Kazi ya kushona ninaweza kuifanya popote, na mtu hawezi kumwacha peke yake na yale majiko yake ya makaa.

Heledd


Halifax
20 Oktoba 1975

Heledd mwanangu,

Mwambie mama yako ale vitunguu na alale. Mimi mzima. Paka wadogo nimewagawa, wawili kwa majirani na mmoja kwa mchungaji, ambaye hakuomba. Hapa watu wa posta wanasema watagoma kesho, kwa hiyo nitakimbiza hii kabla ya jioni, goti likikubali.

Barua yako niliisoma nimesimama na koti mwilini. Kisha nikaketi na koti. Nilikaa hapo mpaka mchana ukaisha.

Msomee Mared yafuatayo, polepole.

Mared, umejibu. Nimesikia. Miaka thelathini na minane nilikuwa nikilitaka jibu hilo, na nilipolipata sikufurahi nilivyodhani, maana nimegundua kwamba nami nimekuwa nikikudanganya. Kisu hakikuwa cha Gwilym. Kilikuwa cha Mama. Mpini wake ulipasuka na ukafungwa kwa uzi wa bluu, na uzi huo niliufunga mimi. Wewe, Gwilym na watu wote mlikuwa ndani ya ua, mimi nilikuwa nje barabarani natazamana nanyi, na Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya nguzo. Nilimwona akitia mkono wake usiopooza mfukoni mwa aproni chini ya blanketi, akakitoa, akampa mumeo. Hakunitazama.

Nilirudi naye nyumbani siku ile. Nikamlisha. Kwa miaka tisa nilimkatia mkate kwa kisu kilekile, na wala yeye wala mimi hatukusema neno. Alikuwa amechagua. Alitaka wewe uende, nami nibaki, na hakuona sababu ya kuniuliza. Ningemchukia vipi mtu ninayemwosha kila asubuhi? Nisingeweza. Nikakuchukia wewe, ulikuwa mbali, ilikuwa rahisi.

Nadhani umenificha jambo hilo muda wote huu ili nisijue kwamba ni Mama. Mimi nami nilificha kwamba najua. Tua mzigo, mdogo wangu. Nilikwisha kuuona siku ileile.

Mwisho wa maneno ya Mared. Haya ni yako, Heledd, na usimsomee.

Umeandika kwamba unabaki kwa muda. Nilibaki kwa muda mimi. Non amehama, Mared anapofuka, na mtu mmoja asiye na mume yupo karibu, mwema, mwenye kazi inayofanyika popote. Hakuna aliyekuuliza, sivyo? Ndivyo inavyoanza. Una miaka thelathini na mitano na mikono ya dhahabu. Usiniigize.

Kuhusu mimi kuja, usiniulize bado.

Luned


Porth Helyg
20 Novemba 1975

Shangazi,

Sijui hata kama nina sababu ya kukusalimu, maana posta ya Pwllheli hawapokei barua za Kanada. Naiandika na kuiweka kwenye droo. Mama kapona. Mvua haijaacha tangu Jumapili.

Juma la sita sasa na hujajibu. Najua ni mgomo. Nimemweleza Shangazi Mared mara tano kwamba ni mgomo, redio yenyewe imesema. Anaitikia vizuri, "Ndiyo, mgomo," kisha mleta barua akipita na baiskeli anainua kichwa. Jana aliniambia nisikuandikie tena. Alisema, "Nilimcheleweshea jibu maisha mazima, hana haja ya kunikimbilia." Nilikasirika, Shangazi, na sikujua nimkasirikie nani kati yenu.

Tumeanza kutembea pamoja. Kila siku ananipeleka kwenye pwani yake, si mimi ninayempeleka. Anataka miguu iijue njia kabla jicho halijafunga. Hatua arobaini na mbili kutoka langoni mpaka kwenye tanuri, kisha mkono wa kushoto ukutani, kisha unasikia maji ya kisima. Juzi tulifika kwenye mwamba wa sili akaniuliza wako wangapi. Nikasema wanne. Akasema yeye anaona madoa mawili, na kwamba wawili wanatosha.

Mteja wangu wa Bala ameandika kwamba amepata mshonaji mwingine. Sikumwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu barua hii haiendi popote.

Heledd


Porth Helyg
15 Desemba 1975

Shangazi Luned,

Imefika. Jumamosi, pamoja na katalogi ya mbegu na bili ya makaa. Mleta barua aliileta mpaka mlangoni akaipunga juu, akisema Kanada imefufuka. Ile ya Novemba nimeitia humu humu, uisome unavyotaka. Mama anakutakia Krismasi njema na ametuma soksi.

Nilimsomea. Nilisoma polepole ulivyosema. Nilipofika kwenye uzi wa bluu alinyanyua mkono, nikanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka birika likachemka na kuacha kuchemka. Kisha akasema niendelee, nikaendelea mpaka mwisho wake.

Alilia, Shangazi. Nakuambia wazi. Kisha akaanza kucheka akiwa bado analia, akasema, "Gwilym maskini. Nilimfanya aape kwamba kisu ni chake. Alikuwa hajui hata kumenya kiazi, na amekufa akiitwa mkata kamba." Alisema Mama yenu alipokuwa anakitoa kile kisu, yeye Mared alikitambua, na jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba wewe usikione. Alisimama mbele yake kwa makusudi kukuziba, gauni lote lile. Hakukuziba vizuri.

Baadaye alitaka nirudie sehemu moja tu. Ile ya "tua mzigo, mdogo wangu." Nimeirudia mara nyingi, naijua kwa moyo, na yeye pia.

Halafu aliniuliza kama barua imekwisha. Nikasema imekwisha. Akasema, "Muongo. Karatasi bado ilikuwa inageuka." Masikio yake yamekuwa makali. Nikamsomea sehemu yangu. Nisamehe.

Akasema, "Amesema kweli. Mimi nami sikukuuliza. Nilikuacha ubaki, kama Mama." Jumapili alimpigia Non simu kutoka kibanda cha kijijini akamwambia habari ya macho. Non alilia, akataka kurudi siku hiyohiyo na Idwal na masikio yake. Mared akakataa. Walipangiana kwenye simu kwa ukali, sarafu zikaisha kabla ya maneno, na Jumapili ijayo wataendelea. Mimi nimeambiwa niondoke Machi, nitake nisitake. Swali limerudi palepale lilipokuwa, ila safari hii linaulizwa kwa sauti.

Jambo la mwisho. Ameniuliza kuhusu kamba. Anasema nusu moja ilibaki kwenye pete ya langoni, ndiyo hii tuliyo nayo. Nusu nyingine ilikuwa mkononi mwako. Anakumbuka uliizungusha kwenye kiganja ukamsukuma Mama na kiti chake mpaka nyumbani, na baada ya hapo hakuna aliyeiona. Anauliza tu, anasema, hana maana yoyote.

Unayo?

Heledd


Halifax
9 Februari 1976

Mwanangu Heledd,

Soksi zimenienea, mshukuru mama yako. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na paka ameamua kuishi ndani ya kabati. Nimeisoma barua yako ya kwenye droo kabla ya ile nyingine. Huyo mteja wa Bala ni mjinga, na utampata tena au utapata bora yake. Machi uende zako.

Ninayo. Nilivuka nayo bahari nikiwa nimeifungia sanduku langu, na kwa miaka yote hii imefunga sanduku hilohilo chini ya kitanda. Nilikuwa nikijiambia ni kwa sababu ni kamba nzuri. Jana nilivuta sanduku nikaifungua. Sanduku lilihitaji kufungwa kwa kitu kingine, nimetumia mkanda.

Nitafika Alhamisi ya tarehe 20 Mei kwa basi la saa nane la kutoka Pwllheli. Nyumbani kwangu ataishi mpwa wa jirani mpaka Novemba. Non aambiwe kwamba kuanzia Novemba ni juu yake na Idwal, na kwamba majira ya kiangazi yanayofuata ni yangu tena nikiwa hai. Mwambie Mared ahesabu hatua anavyotaka, lakini kwenye majiko ataniachia mimi. Mimi ndiye muuguzi.

Dereva ateremshe watu kwenye lango la kanisa kama zamani. Nina ombi moja, na wewe utanitimizia kabla hujaondoka. Mfundishe Deiniol au yeyote mwenye vidole kuunga kamba. Nusu yangu naituma kwa posta leo, kabla hawajagoma tena. Zikiungwa zitafika tena kutoka nguzo hadi nguzo. Siku hiyo Mared afungiwe ncha moja kwenye pete, nyingine ashike mwenyewe, anizuie barabarani mbele ya basi zima. Si mwanamke asiye na mume? Amestahili kushika.

Aniulize swali moja. Nadhani nalijua. Nitasimama mbele yake karibu, mahali ambapo ataniona, na nitajibu papo hapo.

Na mwambie kisu siji nacho.

Shangazi yako,
Luned